Kabla hujakata tiketi ya Asia: jinsi ya kupima hatari ya ugaidi, na jinsi ya kuishi na serikali inayopambana nao

Wakuu, kila ikitokea mlipuko sehemu yoyote ya Asia simu zinaanza kupigwa, mama anampigia mwanae asiende Bangkok kuchukua mzigo kwa sababu kwenye taarifa ya habari ameona watu wanabebwa kwenye machela Peshawar, Pakistan, na kutoka Peshawar mpaka Bangkok ni mbali kuliko Dar mpaka Johannesburg. Upande wa pili kuna yule wa "kazi ya Mungu haina makosa", anapanda ndege hajui hata namba ya polisi ya anakoenda. Wote wawili hawajapima chochote.

Hii naiandika kwa wanaoenda kwa shughuli zetu za kawaida, matibabu India, mzigo Guangzhou na Bangkok, masomo Malaysia au Ufilipino, fungate Bali kwa wenye nazo. Na niseme mapema, bomu lenyewe huenda usilione maisha yako yote, ila serikali inayopambana na mabomu utakutana nayo siku ya kwanza tu mlangoni pa uwanja wa ndege. Kwa hiyo vitu vya kupima ni viwili, magaidi wa huko wanafanya nini na serikali ya huko inajibu vipi, na wengi wetu tunaishia kwenye hicho cha kwanza.

Usiulize nchi, uliza mkoa

Thailand ndo mfano wa kuanzia. Kusini kabisa mpakani na Malaysia kuna mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat pamoja na wilaya kadhaa za Songkhla, huko tangu 2004 waasi wa Kimalay wanapigana na serikali na watu zaidi ya 7,000 wameshakufa, ni vita kabisa ila haivumi kwa sababu watalii hawafiki. Amri ya hali ya hatari iliyotangazwa 2005 imekuwa ikiongezwa muda mpaka watu wameizoea. Kutoka huko mpaka Bangkok ni kama kilomita 1,000, na kwa sehemu kubwa wale waasi vita vyao wamevibakiza kusini.

Ila usilale sana. Tarehe 17 Agosti 2015 bomu lililipuka kwenye hekalu la Erawan katikati ya Bangkok, watu 20 wakafa, na pale mpaka Pratunam wanakochukulia nguo wafanyabiashara wetu ni mwendo wa miguu. Hao hawakuwa waasi wa kusini. Yani mkoa unakuambia hatari ya kila siku iko wapi, haukuambii kwamba kwingine haitatokea.

Ufilipino hivohivo. Ukiskia Ufilipino kuna magaidi, jua mara nyingi wanaongelea Mindanao, na ndani ya Mindanao wanaongelea Marawi, Basilan, Sulu na maeneo ya jirani. Mwaka 2017 kundi la Maute na watu wa kundi la Abu Sayyaf waliuteka mji wa Marawi, jeshi likapigana nao mtaa kwa mtaa kuanzia Mei mpaka Oktoba, katikati ya mji kukabaki kifusi, Rais Duterte akaweka sheria ya kijeshi Mindanao nzima na haikuondolewa mpaka mwisho wa 2019. Hapohapo serikali ilikuwa inafanya jambo la pili ambalo halikupata kelele, mkataba wa amani wa 2014 na kundi kubwa la waasi la MILF ambao 2019 ulizaa serikali ya ndani ya Bangsamoro, na wapiganaji wa jana wakawa mawaziri. Kwa maoni yangu hilo limefanya kazi kubwa kuliko ndege za kivita, japo halijamaliza tatizo, Desemba 2023 bomu lililipuka kwenye ukumbi wa michezo wa chuo kikuu cha Marawi wanafunzi wakiwa kwenye misa, wanne wakafa. Kwa hiyo mwanao akisema amepata chuo Ufilipino swali la kwanza ni mji gani. Cebu na Marawi ni dunia mbili.

Pakistan presha kubwa ipo Khyber Pakhtunkhwa na Balochistan, India ni Kashmir zaidi.

Namna ya kuangalia: fungua ushauri wa safari wa Uingereza na wa Marekani kwenye tovuti za serikali zao, ni bure. Uingereza wanachora ramani kwa rangi, Marekani wanatoa daraja 1 mpaka 4 kisha wanataja mikoa iliyo mbaya kuliko nchi yenyewe, ndo maana India kwa muda mrefu imekaa daraja la 2 huku Jammu na Kashmir ikiwa la 4. Usiishie kwenye rangi, shuka chini usome sababu, maana wakati mwingine rangi imepanda kwa ajili ya uhalifu au maandamano, wewe ukadhani ni mabomu. Halafu kumbuka wanawaandikia raia wao, mtu ambaye hoteli yake ni ya nyota tano. Wewe unayelala gesti karibu na soko soma na gazeti la hukohuko, mengi yana toleo la Kiingereza onlaini.

Jua nani anapiga na anapenda kupiga nini

Watu wanayaweka makundi yote kapu moja, na hapo ndo wanakosea mahesabu. Kundi linalotaka kujitenga kwa kawaida linapiga askari, vituo vya polisi, reli, miradi. Waasi wa BLA wa Balochistan mwezi Machi 2025 waliteka treni nzima ya Jaffar Express, na wana ugomvi wa muda mrefu na miradi ya Wachina. Ukiwa huko usipande msafara unaosindikizwa na jeshi ukadhani umepata ulinzi, umeingia kwenye shabaha.

Makundi yanayofuata Al-Qaeda au Dola la Kiislamu ni tofauti, yanatafuta mkusanyiko na wageni. Bali Oktoba 2002 walipiga kumbi za starehe za Kuta, watu 202 wakafa wakiwemo Waaustralia 88. Dhaka Julai 2016 waliingia mgahawa wa Holey Artisan kwenye mtaa wa mabalozi wa Gulshan, wengi wa waliouawa walikuwa Waitaliano na Wajapani. Sri Lanka 2019 walichagua Jumapili ya Pasaka, makanisa matatu, na kwenye hoteli walipiga muda wa chai ya asubuhi watu wamejipanga na sahani.

Kwa hiyo kalenda ni kifaa. Pasaka, Krismasi, Ijumaa za mwezi mtukufu, sikukuu ya uhuru wa nchi husika, siku hizo misa nenda ya mapema au ya jioni isiyojaa, chai kunywa mgahawa mdogo wa mtaani. Haikugharimu kitu.

Pima serikali: taarifa ikifika mezani, nini kinafuata?

Hapa nitakaa kidogo. Sri Lanka hawakukosa taarifa. Mwanzoni mwa Aprili 2019 India iliwaonya kwamba kundi la Zahran Hashim, kiongozi wa hao washambuliaji, linapanga kushambulia na makanisa yametajwa, na onyo lilirudiwa mpaka saa za mwisho. Onyo likaingia mafaili, likapita kwenye barua za ndani za polisi, likafia humo. Rais Maithripala Sirisena na Waziri Mkuu Ranil Wickremesinghe walikuwa hawaivi tangu ule mvutano wa Oktoba 2018 Rais alipojaribu kumfukuza, Waziri Mkuu akawa haitwi kwenye vikao vya baraza la usalama, na siku yenyewe Rais alikuwa nje ya nchi. Asubuhi ya tarehe 21 mabomu sita ndani ya muda mfupi, baadae mengine, watu zaidi ya 260 wamekufa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikamwamuru Sirisena alipe fidia ya rupia milioni 100 kwa uzembe, na maafisa wengine pia wakaamriwa kulipa.

Sasa angalia walichofanya baada ya kuzembea: hali ya hatari, amri ya kutotoka nje usiku, Facebook na WhatsApp zikafungwa, nikabu ikapigwa marufuku, Waislamu wa kawaida wakakamatwa ovyo na mwezi Mei makundi ya vijana yakachoma maduka na misikiti. Serikali iliyolala ikiamka inapiga kila kilicho karibu. Na ukumbuke baadhi ya viongozi wa Kiislamu wa huko walishapeleka malalamiko kuhusu Zahran miaka kabla.

Linganisha na Indonesia. Baada ya Bali waliunda kikosi cha polisi kinaitwa Densus 88 mwaka 2003, kikapewa mafunzo kwa msaada wa Australia na Marekani, kikawa kinafuatilia mtandao wa Jemaah Islamiyah, kundi lililopiga Bali, mtu mmoja baada ya mwingine, anakamatwa, anahojiwa, anafikishwa mahakamani. Polisi, siyo jeshi. Kina lawama zake, washukiwa kadhaa wameuawa wakati wa kukamatwa, na haikuzuia kila kitu, mfano Surabaya Mei 2018 familia nzima, baba, mama na watoto, walijilipua kwenye makanisa. Ila Juni 2024 viongozi wa Jemaah Islamiyah wenyewe walitangaza kulivunja kundi lao, na hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kwa hiyo ukitaka kupima nchi, tafuta shambulio lao kubwa la mwisho halafu uliza: walionywa? Nani aliwajibishwa? Walibadili nini? India baada ya Mumbai 2008 (watu kumi kutoka Karachi kwa boti, waliouawa 166, mapigano karibu siku tatu) walikuta makomando wao wa NSG wote wako karibu na Delhi na iliwachukua masaa mengi kufika. Wakaweka vituo vya NSG Mumbai, Chennai, Kolkata na Hyderabad, na wakaunda shirika jipya la uchunguzi, NIA. Hayo ni majibu unayoweza kuyashika. Nchi ambayo jibu lake ni "tunalaani vikali" halafu kimya, we ongeza tahadhari yako mwenyewe.

Jiandae kuishi na majibu yao

India, mlango wa uwanja wa ndege. Hauingii jengoni kama hauna tiketi, askari wa CISF, kikosi cha serikali kinacholinda viwanja, mwenye bunduki anashika pasipoti yako, anasoma jina, anasoma tiketi, anakuangalia usoni, anarudia. Wanaomsindikiza mgonjwa bila tiketi wanaishia hapo nje na mabegi, kwa hiyo mgonjwa wa kiti cha magurudumu muombee huduma ya shirika la ndege mapema badala ya kutegemea shemeji. Ndani wanawake wanakaguliwa na askari wa kike kwenye kibanda chenye pazia, wanaume wanasimama kwenye kijukwaa wamenyoosha mikono. Metro ya Delhi ni hivohivo kila kituo, begi kwenye mashine na mwili kupapaswa, ongeza muda kwenye ratiba ya hospitali. Novemba 2025 gari lililipuka karibu na Red Fort, kwa hiyo usitegemee watalegeza leo wala kesho, na ukikaguliwa mara tatu usipandishe sauti.

Hotelini wanachukua nakala ya pasipoti na viza kwa sababu sheria inawataka watume taarifa ya mgeni serikalini ndani ya masaa 24, fomu yenyewe imezoeleka kwa jina la Form C. Ukipanga chumba kwa mtu ambaye hataki kujaza hiyo fomu, unamsaidia yeye kukwepa kodi na wewe unabaki na msala. Simu ya setilaiti iache nyumbani, wageni wameshakamatwa kwa ajili hiyo tu. Na ukienda Kashmir laini ya kulipia kabla uliyosajili Delhi haifanyi kazi kule.

China, baada ya shambulio la visu kwenye stesheni ya Kunming Machi 2014, watu 31 wamekufa, ukaguzi ulikaza na sheria ya kupambana na ugaidi ikaanza kutumika Januari 2016. Guangzhou utaiona kwenye metro na treni, pasipoti kila mahali. Ukilala kwa rafiki badala ya hoteli una masaa 24 kujiandikisha polisi, wengi wetu wamepigwa faini kwa kupuuza. Xinjiang ni habari nyingine, kule kwa jina hilohilo la kupambana na ugaidi Waislamu wengi sana wa Uighur walifungiwa makambini, na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2022 ilisema yanayofanyika huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Nasema hivyo ili ujue kwamba neno ugaidi kwenye kinywa cha serikali linaweza kubeba mzigo usio wake.

Na ndo maana ujue muda wa kizuizini. Malaysia sheria ya SOSMA inaruhusu siku 28, Ufilipino sheria ya 2020 inaruhusu mpaka 24, kusini mwa Thailand mpaka 37 ukijumlisha sheria ya kijeshi na amri ya hali ya hatari, Singapore sheria yao ya usalama wa ndani inaruhusu miaka miwili bila kesi na inaongezwa. India ukiguswa na UAPA, sheria yao ya ugaidi, dhamana ni ngumu mno, wanafunzi na wanaharakati wamesota miaka. Kwa hiyo zile video za watu wanachinjwa zinazozunguka kwenye magrupu, futa kabla ya safari, kwenye simu haionekani kama ulitumiwa au ulitafuta. Usibebe begi la mtu. Usichangie "yatima wa vita" kwa akaunti usiyoijua. Usitanie bomu uwanja wa ndege, Ufilipino kuna sheria yake kabisa tangu 1980 na kifungo kinafika miaka mitano, hata kama ulikuwa unachekesha wenzako kwenye foleni.

Vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma Ufilipino wajue pia hili: Julai 2019 Mkenya mmoja alikamatwa kule akiwa amejifunza urubani, na Novemba 2024 mahakama ya New York ilimkuta na hatia ya kupanga na al-Shabaab shambulio la ndege mfano wa Septemba 11. Ukiulizwa maswali ya ziada kwa ajili ya pasipoti, jibu kwa utulivu, beba barua ya chuo.

Kingine ni safari kukatika. Baada ya watu 26 kuuawa Pahalgam, Kashmir, tarehe 22 Aprili 2025, India ilirusha makombora Pakistan Mei 7, na kwa siku kadhaa viwanja 32 vya kaskazini na magharibi mwa India vilifungwa. Mgonjwa aliyemaliza dawa anasubiri ndege ya ndani amekwama. Beba dawa za wiki moja zaidi ya ratiba na hela ya gesti ya siku kadhaa, dola taslimu kidogo usizoonyesha mtu.

Ikitokea na wewe upo

Singapore wanafundisha raia wao maneno matatu: kimbia, jifiche, toa taarifa. Kwa mpangilio huohuo. Kama njia ipo kimbia, acha begi, acha chaja. Kama njia haipo, funga mlango, sukuma kabati, zima taa, simu izime mlio na hata mtetemo.

Ukishatoka usisimame nje kushangaa. Kuta mwaka 2002 bomu dogo lilianza kwenye baa ya Paddy's, watu wakakimbilia barabarani, na gari lililojaa baruti likalipuka mbele ya Sari Club upande wa pili wakati huo ndo watu wamejaa. Endelea kutembea, pita mitaa ya nyuma, kaa mbali na magari yaliyoegeshwa na vioo vikubwa.

Usirushe video mubashara. Mumbai televisheni zilionyesha makomando wakishuka na kamba kutoka kwenye helikopta, na waliokuwa wanawaongoza washambuliaji kwa simu kutoka Pakistan walikuwa wanaangalia na kuwaambia. Ukiwa umejificha chumba namba fulani, usikiandike popote isipokuwa kwa polisi.

Hotelini, siku unayofika, tembea kwa miguu mpaka ngazi za dharura uone zinatokea wapi na kama mlango una kufuli. Mimi naomba ghorofa ya tatu mpaka ya sita, chini sana ni karibu na geti, juu sana ngazi ya zimamoto haifiki.

Namba andika kwenye karatasi: India 112, Sri Lanka polisi 119, Thailand polisi 191 na polisi wa watalii 1155, Indonesia polisi 110, Ufilipino 911, Pakistan polisi 15 na uokoaji 1122, China polisi 110, Singapore na Malaysia 999.

Nyumbani mkubaliane kabla kwamba WhatsApp ikifungwa kama ilivyokuwa Sri Lanka utatuma meseji ya kawaida, kwa hiyo acha laini ya nyumbani ikiwa na huduma ya nje na salio. Ubalozi nao angalia uko wapi hasa, Tanzania inao New Delhi, Beijing na Kuala Lumpur, Kenya inao mpaka Bangkok na Islamabad, ila kuna nchi utakuta anayekuhudumia yupo nchi nyingine kabisa, na ijumaa jioni simu haipokelewi, chukua namba ya dharura mapema.

Mwisho bima. Hizi za bei rahisi zinazouzwa pamoja na tiketi, nyingi zinataja ugaidi kwenye orodha ya wasivyolipa, au wanalipa matibabu ila hawalipi tiketi iliyopotea, au hawalipi kabisa ukiwa umeenda mkoa uliokatazwa. Muulize wakala kwa maandishi, "nikiumia kwenye shambulio la kigaidi Thailand mnalipa hospitali?", na jibu lake liwe barua pepe, siyo kwa mdomo.